Minara ya Dar es Salaam ina somo gani kwa Kasulu na Kibondo?

KASULU. Katika makutano ya Morocco, Wilaya ya Kinondoni jijini Dar es Salaam, imesimama minara minne iliyofungamanishwa na msingi mmoja. Ndani yake mna ofisi, maduka, hoteli na nyumba 100 za kuishi, pamoja na maegesho ya magari. Mradi huo, unaojulikana kwa jina la Morocco Square, ni mali ya Shirika la Nyumba la Taifa (NHC), na gharama yake imetajwa kuwa takriban Sh137 bilioni.

Kwa mkazi wa Kasulu au Kibondo, ambaye ili kufika hapo hulazimika kuivuka nchi kutoka magharibi hadi mashariki, minara hiyo yaweza kuonekana kuwa jambo la watu wengine. Hatakodi ofisi humo, hatalala katika hoteli hiyo, wala hatanunua nyumba ya ghorofani inayotazama bahari.

Hata hivyo, zipo sababu mbili zinazomfanya mkazi huyo kuwa na haki ya kuufuatilia mradi huo. Kwanza, shirika linaloumiliki ni la umma, na kwa hiyo hasara na faida zake ni za Watanzania wote. Pili, miji ya Kasulu na Kibondo yenyewe sasa inajengwa upya kando ya barabara ya lami, na maswali yaliyoikwamisha Morocco Square kwa miaka kadhaa ndiyo yaleyale yatakayoamua hatima ya majengo yatakayoinuka huku milimani.

Shirika la nani?

NHC lilianzishwa mwaka 1962, mwaka mmoja baada ya Uhuru, likiwa na jukumu la kujenga nyumba na kuondoa makazi duni mijini. Mwaka 1971, kufuatia sheria iliyotaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi Sh100,000, iliundwa ofisi ya Msajili wa Majumba ili kuyasimamia. Vyombo hivyo viwili viliunganishwa mwaka 1990, na shirika la leo likarithi majengo mengi katikati ya miji mikubwa, hususan Dar es Salaam.

Urithi huo unaeleza kwa nini shirika la taifa limeegemea zaidi katika jiji moja. Viwanja vyake vyenye thamani kubwa viko huko, wapangaji wake wenye uwezo wako huko, na benki zinazokubali kukopesha miradi mikubwa huangalia kwanza mahali penye wapangaji. Mkoani Kigoma, shirika hilo lilijenga nyumba za gharama nafuu eneo la Mlole katika Manispaa ya Kigoma. Ukilinganisha mradi wa namna hiyo na minara ya Kinondoni, tofauti ya uzito wa fedha haihitaji maelezo.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam na watu 2,470,967 katika Mkoa wa Kigoma. Si jambo la ajabu, basi, kwamba jiji linapata majengo makubwa zaidi. Jambo la kujiuliza ni iwapo mkoa wenye karibu nusu ya idadi ya watu wa Dar es Salaam unapaswa kuridhika kuwa mtazamaji tu pale dhamana ya umma inapotumika kujenga.

Historia nayo haisahauliki kirahisi. Wakati wa ukoloni, nchi ya Waha ilifanywa kuwa ghala la nguvukazi. Vijana wa Kasulu na Kibondo waliandikishwa kama manamba na kusafirishwa kwa treni kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wakati huku kwao barabara na viwanda havikujengwa. Hivyo mtu wa huku anapouliza fedha ya umma inakwenda wapi, haulizi kwa husuda. Anauliza kwa kumbukumbu.

Kilichoikwamisha minara

Miradi ya Morocco Square na mwenzake wa Kawe, unaoitwa 711 kutokana na namba ya kiwanja, ilianza kujengwa katikati ya muongo uliopita. Mradi wa Kawe ulipangwa kuwa na minara minane na nyumba 422. Mwaka 2018 ujenzi wa miradi hiyo ulisimama baada ya shirika kukosa kibali cha kuendelea kukopa, kwa kuwa sheria hairuhusu shirika la umma kuchukua mikopo mikubwa bila idhini ya serikali.

Minara ikabaki magofu ya zege kandokando ya barabara kuu. Baadhi ya wateja walikuwa wamekwishaanza kulipia nyumba ambazo hazikuwa na milango wala madirisha. Riba za mikopo iliyokwisha kuchukuliwa hazikusimama pamoja na mafundi.

Baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kushika madaraka Machi 2021, shirika liliruhusiwa kukopa zaidi ya Sh170 bilioni kwa ajili ya kukamilisha miradi hiyo. Morocco Square ndiyo iliyotangulia kumalizika.

Wapo wanaoieleza historia hiyo kwa kuitazama siasa peke yake: utawala mmoja ulizuia, mwingine ukaruhusu. Maelezo hayo yana ukweli ndani yake, lakini hayatoshi. Liko jambo jingine lililo katika maumbile ya jengo lenyewe, na ndilo lenye manufaa zaidi kwa msomaji wa Kasulu.

Jengo la matumizi mchanganyiko, lenye maduka chini, ofisi katikati na makazi juu, hutegemea viungo vya pamoja. Msingi ni mmoja, maegesho ni mamoja, tangi la maji, transfoma ya umeme, mfumo wa majitaka na ule wa kuzima moto ni vya wote. Huwezi kumkabidhi mwenye duka funguo zake wakati juu yake winchi bado inanyanyua nondo. Kwa sababu hiyo, mradi wa namna hii humeza fedha kwa miaka mingi kabla ya kutoa shilingi ya kwanza.

Nyumba za kawaida haziko hivyo. Shirika likijenga nyumba 50 za chini na fedha zikaisha zikiwa zimekamilika 20, nyumba hizo 20 zitauzwa au kupangishwa, na mapato yake yatasaidia kujenga zilizobaki. Mnara uliofika nusu hauna nusu inayoweza kupangishwa. Ama unamalizika, ama ni deni lililosimama wima.

Mfano wa hesabu ndogo

Msomaji anaweza kuipima hoja hiyo kwa kipimo cha mji wake. Chukulia, kwa mfano tu, mwenye kiwanja kando ya barabara aliyejenga fremu 6 za maduka kwa Sh24 milioni, akapangisha kila moja kwa Sh50,000 kwa mwezi. Zikijaa zote, atapata Sh3.6 milioni kwa mwaka, na fedha yake itarudi kabla ya mwaka wa saba kwisha.

Fremu moja ikikaa bila mpangaji, mapato yanashuka hadi Sh3 milioni na marejesho yanafika miaka 8. Zikikaa tupu mbili, inakuwa miaka 10. Na iwapo ujenzi utakwama miaka minne kwa kukosa bati na milango, hesabu haianzi kabisa hadi mwaka wa tano, ilhali saruji aliyoikopa dukani inadaiwa tangu mwezi wa kwanza.

Hesabu ya Morocco Square ni hiyohiyo, isipokuwa sifuri zake ni nyingi. Kinachoamua uhai wa jengo si urefu wake. Ni muda linalochukua kabla ya kuanza kulipa, na idadi ya milango inayobaki imefungwa baada ya hapo.

Hatari ya mpangaji mmoja

Minara mingi ya ofisi jijini Dar es Salaam ilibuniwa wakati wizara zote zikiwa huko. Serikali, mashirika yake na kampuni zinazofanya biashara nayo ndio waliokuwa wapangaji wakubwa, au sababu ya wapangaji wengine kutaka kuwa karibu.

Julai 2016, Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali itahamia Dodoma, na safari hii uamuzi uliofikiwa tangu mwaka 1973 ukatekelezwa. Wizara zikafunga virago. Majengo yaliyokuwa yakisubiri wapangaji yakajikuta yakigombania wale waliobaki, kila mwenye jengo akilazimika kulegeza masharti.

Kibondo inaifahamu hali hiyo kwa uzoefu wake. Wakimbizi kutoka Burundi walipoingia kwa wingi katika miaka ya 1990, mashirika ya misaada yalifungua ofisi katika miji ya Kibondo na Kasulu, na wafanyakazi wake walihitaji nyumba. Kodi za nyumba zikapanda. Wenye uwezo wakajenga nyumba zenye uzio, kisima na nafasi ya kuegesha magari, wakiwa na mpangaji wa aina moja akilini.

Kisha kambi zikaanza kufungwa. Kambi za Kibondo zilipungua katika miaka ya mwisho ya muongo wa 2000, na Mtabila ya Kasulu ikafungwa Desemba 2012. Mwaka 2015 machafuko ya Burundi yalileta wimbi jipya na Nduta ikafunguliwa tena. Septemba 2017 safari za kuwarejesha Warundi kwao zikaanza, na mwishoni mwa mwaka 2021 kambi ya Mtendeli, wilayani Kakonko, ikafungwa.

Kila wimbi lilipokuja, zilijengwa nyumba. Lilipoondoka, ziliachwa nyumba. Aliyejenga kwa kumtegemea mpangaji mmoja, awe ni wizara ya serikali Dar es Salaam au shirika la misaada Kibondo, alijikuta akishikilia funguo zisizoulizwa na mtu.

Hapa ndipo wazo la matumizi mchanganyiko linapoonyesha faida yake ya kweli. Jengo lenye wapangaji wa aina tofauti haliangushwi na kuondoka kwa kundi moja. Ofisi zikipungua, maduka yaweza kuendelea. Wageni wa hoteli wakiadimika, familia zilizopanga juu bado zinalipa. Kwa maana hiyo, kuchanganya matumizi ni kinga, mradi mchanganyiko huo utokane na mahitaji yaliyopo, si na picha za kupendeza zilizochorwa kwa ajili ya uzinduzi.

Makato ya mwalimu wa Kibondo

Ikiwa NHC ni la Watanzania kwa jina, mifuko ya hifadhi ya jamii ni ya wanachama wake kwa jasho. Mwalimu anayefundisha Kibondo, muuguzi wa Kasulu na karani wa halmashauri hukatwa kila mwezi sehemu ya mshahara wao. Kwa miaka mingi, sehemu ya fedha hizo iligeuzwa kuwa majengo jijini.

Uliokuwa Mfuko wa Pensheni kwa Watumishi wa Umma (PSPF) ulijenga minara pacha yenye ghorofa zaidi ya 30 katikati ya Dar es Salaam. Nao Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) uliingia ubia kujenga mji mpya wa Dege, Kigamboni, uliokusudiwa kuwa na nyumba 7,460. Mradi huo wa Dege ulisimama mwaka 2016, zikabaki safu za majengo yasiyokamilika zilizozungukwa na nyasi.

Agosti 2018, PSPF na mifuko mingine mitatu iliunganishwa kuwa Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma (PSSSF), ambao ulirithi mali na madeni ya mifuko hiyo. Mwaka huohuo ndipo neno kikokotoo lilipoingia katika mazungumzo ya kila ofisi ya walimu, baada ya kanuni mpya kupunguza malipo ya mkupuo kwa wastaafu. Rais Magufuli aliisitisha kanuni hiyo Desemba 2018. Mwaka 2022 malipo ya mkupuo yakawekwa asilimia 33, na mwaka 2024 yakapandishwa hadi asilimia 40 kwa watumishi waliokuwa wakipata asilimia 50 kabla ya mabadiliko.

Haitakuwa haki kuibebesha minara lawama yote ya kikokotoo. Mzigo mkubwa ulitokana na deni la serikali yenyewe kwa mifuko, hasa kwa watumishi walioajiriwa kabla ya michango kuanza mwaka 1999, na ndiyo maana serikali ilitoa hatifungani maalumu yenye thamani ya zaidi ya Sh2 trilioni kulipunguza. Lakini mfuko unaodaiwa na wastaafu huhitaji fedha taslimu, na jengo lisilokamilika au lisilo na wapangaji haligeuki kuwa fedha taslimu kwa haraka. Mwalimu anayekaribia kustaafu Kibondo, akisubiri kiinua mgongo ili aezeke nyumba yake, anaguswa na milango iliyofungwa Kigamboni hata kama hajawahi kuiona.

Magomeni: njia nyingine

Si kila jengo refu la umma limepita njia hiyo. Magomeni Kota ni mfano wa kuzingatiwa. Kaya 644 zilizokuwa zikiishi katika nyumba za zamani za eneo hilo ziliondolewa kupisha uendelezaji uliochelewa kwa miaka mingi. Mwaka 2016 serikali iliamua kujenga yenyewe, ikaukabidhi mradi kwa Wakala wa Majengo Tanzania (TBA), na Machi 2022 Rais Samia alizindua majengo matano ya ghorofa yenye nyumba 644, sawa na idadi ya kaya zilizoondolewa.

Kuna masuala mengi ya kuhoji katika mradi huo, likiwamo la miaka ambayo familia zile zilitangatanga. Lakini jambo moja lilikuwa wazi tangu tofali la kwanza: wakaazi wake walijulikana kwa majina. Haikuhitajika kukisia ni nani atakayeingia. Palipo na uhakika huo, jengo halikai tupu.

Kasulu ilianza zamani

Wataalamu wa mipango miji huzungumzia matumizi mchanganyiko kana kwamba ni uvumbuzi wa juzi. Mtu akitembea katika mitaa ya kibiashara ya Kasulu au Kibondo, atakuta kwamba wazo lenyewe ni la kale. Mbele ya nyumba kuna fremu za maduka, saluni na wakala wa fedha wa simu. Nyuma kuna vyumba vya kulala, jiko na bafu. Uani mpangaji wa tatu ana cherehani au mashine ya kusaga. Mwenye nyumba anaishi, anafanya biashara na anapangisha katika kiwanja kimoja.

Tofauti ni kwamba nyumba hiyo hujengwa kwa hatua. Fremu mbili za kwanza hulipia msingi wa vyumba vya nyuma. Haimalizwi kwa mkopo mmoja mkubwa, na ikikwama haimfilisi mtu. Udhaifu wake nao unajulikana: hulala chini na kula ardhi, maji ya mvua hukosa njia, vyoo husogea karibu na visima, na moto ukizuka chumba kimoja huweza kuteketeza safu nzima.

Mazingira ya miji hii yamebadilika. Barabara ya Kabingo hadi Manyovu kupitia Kibondo na Kasulu, yenye urefu wa kilomita 260.6, imejengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika ili kuunganisha mkoa na Burundi upande mmoja na Kanda ya Ziwa upande mwingine. Mwaka 2022 wilaya hizi zilianza kuondokana na umeme wa majenereta ya mafuta na kuunganishwa na Gridi ya Taifa. Kasulu ni miongoni mwa miji 28 iliyomo katika mradi wa maji unaogharamiwa kwa mkopo kutoka India, ambao mikataba yake ilitiwa saini Juni 2022.

Panapofika lami, umeme na maji, hufika pia wanunuzi wa viwanja. Kiwanja cha kati kilichokuwa cha familia kwa vizazi viwili hutafutiwa mteja, na mteja huyo hutaka kujenga ghorofa. Halmashauri nazo hutamani kuwa na jengo la kitega uchumi la kujivunia: kituo cha mabasi chenye maduka, soko la ghorofa, hoteli juu yake. Tamaa hiyo si mbaya. Kinachotakiwa ni kuitanguliza hesabu mbele ya mchoro.

Nani atalipia lifti?

Gharama ya jengo refu haiishi siku ya kukata utepe. Lifti huhitaji fundi na vipuri, pampu huhitaji umeme ili maji yapande juu, jenereta huhitaji mafuta umeme unapokatika, na ngazi, taa za korido, ulinzi na usafi hulipiwa kila mwezi. Tangu mwaka 2008 Tanzania ina sheria inayomruhusu mtu kumiliki sehemu ya jengo kwa hati yake mwenyewe, na sheria hiyo inawataka wamiliki kuendesha kwa pamoja maeneo wanayoyatumia wote. Bila wao kuchangia, jengo la kifahari huchakaa ndani ya miaka michache.

Dar es Salaam, zilipo kampuni za lifti na mafundi wake, bado yapo majengo ambayo wakaazi hupanda ngazi. Kasulu, fundi atasafiri siku nzima au zaidi. Halmashauri inayofikiria jengo la ghorofa sita haina budi kuuliza kwanza ghorofa tatu za ngazi zingetosheleza mahitaji yale yale kwa gharama gani.

Suala la usalama ni zito zaidi. Machi 29, 2013 jengo refu lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024 jengo la ghorofa la biashara liliporomoka Kariakoo na kuua zaidi ya watu 20, wengi wao wakiwa wafanyabiashara na wateja waliokuwa katika shughuli zao za asubuhi. Hayo yalitokea katika jiji lenye wahandisi, maabara za kupimia zege na wakaguzi wengi kuliko sehemu nyingine yoyote nchini.

Huku kwetu, mafundi wamezoea matofali ya kuchoma na bati. Ni mafundi hodari wa kazi hiyo. Ghorofa ni kazi nyingine: udongo wa mteremko hupimwa, nondo huhesabiwa, zege huachwa likomae siku zake. Saruji na nondo husafirishwa kutoka mbali, na bei yake humshawishi mjenzi kupunguza kipimo. Kabla halmashauri hazijaanza kutoa vibali vya maghorofa, wananchi wana haki ya kujua ni wakaguzi wangapi watakaoyakagua, na gari la zimamoto linaweza kufikia ghorofa ya ngapi.

Maswali ya kuuliza mapema

Kutokana na yaliyojiri Dar es Salaam, yako maswali manne ambayo diwani wa Kasulu au Kibondo anaweza kuyaweka mezani siku mradi wa jengo kubwa utakapoletwa kwenye baraza.

La kwanza ni la fedha: je, fedha zote za kumalizia zipo na vibali vyake vimepatikana, au tunaanza kwa matumaini? Morocco Square na 711 Kawe yalikuwa na kiwanja, mkandarasi na wateja. Kilichokosekana ni ruhusa ya kukopa fedha za kumalizia.

La pili ni la wapangaji: ni nani atakayeingia, na akiondoka nani atachukua nafasi yake? Jibu la kwamba "wapangaji watapatikana" si jibu. Wafanyabiashara waliopo sokoni leo waorodheshwe, waulizwe wanaweza kulipa kodi kiasi gani, na nafasi zao zilindwe kwa maandishi kabla vibanda vyao havijavunjwa.

La tatu ni la hatua: je, jengo linaweza kukamilika kwa vipande vinavyojitegemea, kipande cha kwanza kikaanza kulipa kabla ya cha pili kuanza? Kwa miji yenye mapato ya kiwango cha yetu, majengo matatu ya ghorofa mbili yanayofuatana yana usalama zaidi kuliko moja la ghorofa sita linalosubiri miaka minne.

La nne ni la matunzo: nani atakayelipia jengo hilo mwaka wa kumi, wakati aliyelizindua amekwishahamishwa kituo cha kazi?

Kwa upande wa serikali kuu, ipo hoja ya haki isiyopaswa kufunikwa na fahari ya minara. Shirika la umma linaporuhusiwa kukopa kwa mgongo wa taifa ili kumalizia nyumba za wenye nacho jijini, linapaswa kueleza faida ya nyumba hizo inarudi wapi. Kama maduka na ofisi za Kinondoni zitazaa, basi sehemu ya mazao hayo ijenge nyumba za watumishi na maduka ya kupangisha katika wilaya ambazo shirika halijafika. Muuguzi mpya anayepangiwa kazi Kibondo bado hutafuta chumba cha kupanga, na ugumu wa kukipata chumba chenye staha ni moja ya sababu za watumishi kuomba uhamisho.

Hoja hiyo haiwezi kusimama bila takwimu kuwekwa hadharani. Ripoti za shirika zionyeshe, kwa kila mradi mkubwa, kiasi kilichokopwa, sehemu iliyokwisha kupangishwa au kuuzwa na deni lililobaki. Wabunge wa Kigoma wana nafasi ya kuyadai hayo bungeni kila mwaka wakati wa bajeti ya wizara inayosimamia ardhi na nyumba. Kuuliza hivyo si kuipinga minara. Ni kufuatilia mali ambayo wapiga kura wao nao ni wenyewe.

Waha na wageni waliohamia miji hii wamejenga kwa mikono yao, fremu kwa fremu, bila kusubiri mkopo wa mabilioni. Lami imefika sasa, na pamoja nayo watakuja wachoraji wa majengo marefu. Wapokewe vizuri, waketishwe, kisha kabla mchoro haujakunjuliwa mezani waombwe waanze na ukurasa wa mwisho: ule wenye hesabu ya marejesho na jina la atakayelipa endapo milango itabaki imefungwa.